Nataka kufunga muziki kwenye boti: nikate wapi?

Msomaji wa Dunga, Kisumu, ameuliza hivi: "Nina boti ya faibaglasi ya futi 28, ina kibanda kidogo mbele na injini ya nje ya nguvu za farasi 40. Jioni nabeba wageni hadi Hippo Point, na wikendi tunafika Kisiwa cha Ndere. Wageni wanataka muziki. Fundi anayefunga muziki kwenye matatu amekubali kuniwekea redio kwenye ukuta wa kibanda, spika nne, na wufa, ile spika kubwa ya besi, chini ya kiti cha mbele. Fundi wa mbao yuko tayari kukata. Betri ninayo moja tu, ile ya kuwashia injini. Tukate wapi, tutumie waya gani, na je, betri itahimili?"

Ndugu yangu, mwambie fundi wa mbao aweke msumeno chini kwanza. Redio, spika na waya ni vitu vya dukani, vikiharibika utanunua vingine. Tundu lililotobolewa mahali pabaya kwenye boti ni jambo jingine, kwa sababu matundu mengine huondoa kitu ambacho hutajua kuwa kimeondoka mpaka siku maji yameingia. Ndiyo maana naanza na hicho kiti cha mbele. Katika yote uliyoandika, ndicho kilichonitia wasiwasi.

Viti vya boti za faiba za ukubwa wa yako mara nyingi si vya kukalia tu. Chini yake huwa na masanduku yaliyozibwa pande zote, ama yana hewa tupu, ama yamejazwa povu gumu. Hayo ndiyo huifanya boti iendelee kuelea hata ikijaa maji, abiria wapate cha kushikilia hadi msaada ufike. Ukitoboa sanduku la namna hiyo ili wufa ikae, au ukichimba povu ili upate nafasi, kwa macho kiti kitabaki kile kile, lakini kazi yake imekwisha. Na abiria wako hawatajua.

Utatambuaje? Gonga kiti kwa kifundo cha kidole, taratibu, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Penye povu mlio huwa mzito na hukatika papo hapo. Penye hewa huvuma kidogo. Kisha tafuta mlango, kifuniko cha skrubu au kizibo cha kutolea maji. Sanduku lisilo na mlango wala kifuniko usidhani ni nafasi ambayo aliyeunda boti aliisahau. Alilifunga makusudi, basi liache lilivyo. Na kama kiti kina mlango na ndani yake ndimo mnamoweka jaketi za kuokolea maisha, jibu langu halibadiliki. Wufa isizihamishe jaketi zikaenda mahali ambapo mtu mwenye hofu hatazifikia haraka.

Sasa ukuta wa kibanda. Ukuta huo unaokata boti kwa upana si pazia. Unashikilia umbo la boti ili ubavu wa kulia na wa kushoto visipishane mawimbi yakiupiga. Tundu moja dogo katikati, mbali na kingo na kona, unaweza kulivumilia. Ukitoboa manne ya spika pamoja na hilo la redio, umeudhoofisha. Mbavu zenyewe, yaani mataruma, na mhimili wowote unaoshika paa, hazikatwi hata kidogo, hata kama fundi anakuambia atarudishia kipande cha mbao. Kabla ya kukata popote, tia mkono nyuma ya ukuta. Kama mkono haufiki, ingiza kamera ya simu. Unatafuta nyaya za taa, kebo ya usukani, bomba la mafuta na bomba la pampu ya maji ya chini.

Ushauri wangu ni huu: kata tundu la redio peke yake, na spika uzitengenezee visanduku vyake. Visanduku vya plaiwudi ya majini, vikafungwa ukutani kwa bolti mbili tatu, vinaweza kuondolewa, kukarabatiwa, hata kuuzwa na kubadilishwa, na boti ikabaki nzima. Vilevile sauti yake huwa nzuri zaidi. Spika inahitaji nafasi iliyofungwa mgongoni, na nyuma ya ukuta wa boti mara nyingi kuna uwazi unaoshuka hadi chini kwenye maji na mvuke wa petroli. Usikubali ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, ule wa kabati za bei nafuu. Ukilowa mara moja huvimba na skrubu hazishiki tena. Hata plaiwudi ya majini, paka kingo zake epoksi, ile gundi ngumu isiyopitisha maji, kwanza, kwa maana maji huingilia kwenye kingo, si kwenye uso. Ndani ya kisanduku usitie sponji ya godoro, maana hunywa unyevu na kuukalia. Tumia ile povu nyeusi isiyopitisha maji.

Tundu la redio lenyewe lina namna yake. Redio ya kawaida ya gari ya saizi moja hukaa kwenye nafasi ya milimita 182 kwa 53. Kata kadi ngumu kwa kipimo hicho, uibandike ukutani, uketi kwenye kiti cha nahodha uone kama mkono unaifikia bila kuinama na bila kuachia usukani. Ukiridhika, bandika utepe wa karatasi juu ya faiba na uchore mistari juu yake. Toboa kona nne kwanza kwa drili, ndipo upitishe msumeno wa umeme kutoka tundu hadi tundu. Kona ya mviringo haipasuki. Kona kali ndiyo inayoanzisha ufa, na mtikisiko wa injini huurefusha kila siku. Drili ikigusa lile tabaka la juu linalong'aa, izungushe kinyumenyume kwanza mpaka iliingie, ndipo uirudishe mbele, hapo tabaka halitabanduka vipande. Vaa barakoa na miwani, maana vumbi la faiba ni vioo vidogo. Ukimaliza, angalia ndani ya ukingo uliokatwa. Ukiona katikati kuna mbao au povu kati ya tabaka mbili za faiba, paka epoksi pande zote kabla hujaweka kitu, la sivyo maji yatatambaa humo ndani na kuozesha ukuta kutoka katikati.

Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, na hiyo ni neema kwako ukilinganisha na mwenzako wa Mombasa, lakini unyevu wa usiku ni ule ule. Silikoni nayo, epuka ile inayonuka siki. Asidi yake hula shaba, na utakuwa umeipaka karibu kabisa na nyaya.

Nije kwa fundi wa matatu. Sina neno baya juu yake. Mafundi wa Kisumu wanajua sauti. Ila gari limemfunza jambo ambalo kwenye boti ni hatari. Kwenye matatu yeye huvuta waya mmoja wa chanya kutoka kwenye betri, halafu hasi anaifunga kwenye bodi, kwa sababu bodi yote ni chuma na inarudisha umeme. Boti yako haina bodi ya namna hiyo. Akitafuta chuma chochote kilicho karibu, akafunga hasi kwenye bolti ya injini au kwenye mkono wa usukani, umeme utajitafutia njia, na sehemu ya njia hiyo inaweza kuwa maji. Mguu wa injini yako ni wa aluminiamu, na umeme unaovuja namna hiyo unaula polepole. Kwa hiyo mwambie waziwazi: kila kifaa kina nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, na nyeusi inarudi hadi kwenye betri yenyewe. Akikuambia ni kupoteza waya, lipa huo waya.

Unene wa waya ndio ulioniuliza, na hapa ni hesabu, si maoni. Tuchukue amplifaya, yaani kifaa cha kukuza sauti, ya spika nne inayovuta ampea 20 ikikolezwa. Tuseme betri iko nyuma, mita 6 kwenda na mita 6 kurudi. Ukitumia waya wa milimita 2.5 za mraba, ule wa soketi za nyumbani, njiani zitapotea karibu volti 1.7. Betri yenye volti 12.5 itaifikishia amplifaya 10.8, na kila besi ikipiga itashuka zaidi. Utasikia sauti inakwaruza, kisha inakata, utadhani amplifaya ni mbovu. Waya wa milimita 10 za mraba kwa umbali ule ule hupoteza kama volti 0.4. Huo ndio wako. Lakini hakikisha ni shaba kweli, kwa sababu nyaya nyingi za muziki zinazouzwa kwa bei rahisi ni aluminiamu iliyopakwa shaba nje. Kata ncha, chomoa uzi mmoja, ukwangue kwa kisu. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Ile nyingine hung'aa nyeupe ndani, inapitisha umeme kidogo na kwenye unyevu huliwa haraka. Ukipata shaba iliyopakwa bati, ambayo ni nyeupe nje na nyekundu ndani, hiyo ndiyo bora kwa boti.

Fyuzi iwekwe karibu na betri, isizidi sentimita 18 kutoka kwenye ncha ya chanya. Wengi huiweka karibu na redio wakiamini inailinda redio. Fyuzi kuu inalinda waya. Waya ukikwaruzika njiani, chanya ikagusa hasi, kipande chote kati ya betri na fyuzi kitaungua bila kitu cha kukizuia, na faiba huwaka vibaya sana. Kwa mfano wetu, ampea 30 inatosha. Nyaya zifungwe kila baada ya nusu mita hivi, ziwe juu kuliko mahali maji ya chini yanapofika, na kila zinapopenya ukuta ziwe na mpira wa kuzikinga. Kabla waya haujaingia kwenye kifaa, uache ulegee ushuke kidogo kisha upande, ili tone linalofuata waya lidondoke hapo badala ya kuingia ndani. Ncha zibanwe kwa koleo la kubania, zisiachiwe risasi ya kuchomelea peke yake. Risasi hufanya waya uwe mgumu, na mtikisiko huukata palepale.

Kuhusu petroli sitazunguka. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hushuka na kukaa chini ya boti pasipo na upepo. Amplifaya, fyuzi, swichi na betri visikae kwenye sanduku moja na tangi la mafuta wala bomba lake, hata kama ndiyo nafasi pekee iliyobaki. Cheche moja ya swichi inatosha. Kama nafasi nyingine haipo, funga muziki mdogo zaidi.

Betri. Jibu fupi ni hapana, hiyo yako haitahimili, na hata ingehimili nisingekuruhusu. Betri ya kuwashia injini imeundwa itoe umeme mwingi kwa sekunde chache kisha ijazwe. Ukiinyonya kidogo kidogo jioni nzima, sahani zake huharibika mapema. Baya zaidi ni siku utakapozima injini karibu na Ndere, muziki ukaendelea, upepo ukabadilika, gugumaji likakuzingira, ukabonyeza swichi na injini isijibu. Betri ya injini ibaki ya injini.

Kwa muziki nunua betri ya sola ya ampea-saa 100, ile inayovumilia kushushwa na kupandishwa kila siku. Usiishushe chini ya nusu. Ikipumzika bila mzigo na mita ikisoma karibu volti 12.2, umefika hapo. Kwa hiyo una ampea-saa 50 za kutumia. Spika nne zikiwa na amplifaya ya kisasa isiyopoteza umeme kwa joto, muziki wa sauti ya wastani huvuta kama ampea 6, kwa sababu wimbo haupigi kwa nguvu zote kila sekunde. Saa nne ni ampea-saa 24. Una akiba ya kutosha. Ongeza wufa yenye amplifaya yake, na matumizi yanaweza kufika ampea 12 au zaidi. Saa nne zimemaliza hizo 50. Umeona wufa inavyokula.

Usitegemee injini ijaze betri hii. Injini nyingi za nje za ukubwa wako huzalisha ampea chache tu, na zile za kuvuta kwa kamba huenda hazina hata kifaa cha kugeuza umeme uweze kuchaji. Weka paneli ya sola ya wati 100 juu ya kibanda pamoja na kidhibiti chake. Jua la Kisumu likiwa zuri, itakurudishia ampea-saa 30 hivi kwa siku. Hapo mko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo hakuna haja ya kuiinamisha sana, mteremko mdogo wa kuteremsha maji ya mvua unatosha. Mifumo miwili ya betri usiiunganishe popote. Kuna vifaa vizuri vya kuiunganisha na kuitenganisha, ila kwa boti yako kutenganisha kabisa ndiyo njia ambayo mtu yeyote ataielewa gizani.

Betri hiyo ni nzito, karibu kilo 30. Iweke chini, karibu na mstari wa kati wa boti, ndani ya sanduku lenye kifuniko cha kupitisha hewa, ifungwe mkanda usioachia. Uzito ukiwa juu, boti hulala upesi. Kwa sababu hiyo hiyo sitaki kuona spika kubwa juu ya paa, hasa alasiri ziwa linapochafuka na abiria wote wamehamia upande mmoja kupiga picha ya kiboko.

Na hiyo wufa? Kwa maoni yangu iache. Nyuma ya boti yako ni wazi, na besi ikishatoka nje ya kibanda haina ukuta wa kuirudisha. Utatumia umeme mwingi kupata kidogo. Spika nne za inchi sita na nusu, mbili ndani ya kibanda na mbili zikitazama viti vya nyuma, kila moja ikipiga kwa sauti ya chini, zitamfikia kila mgeni bila mmoja kuzibwa masikio na mwingine kukosa. Chagua zenye koni ya plastiki na ukingo wa mpira. Karatasi huoza, na ukingo wa sponji humeguka kwa jua. Amplifaya isiyo na feni ni bora kwako, kwa sababu unawajua wadudu wa ziwani wanaoinuka kama moshi. Feni huwavuta ndani, wakafa humo na kuzuia hewa. Izungushie nafasi ya vidole vitatu pande zote ipoe.

Spika zikishaungwa, chukua betri ndogo ya tochi ya volti 1.5, tenga nyaya za spika na amplifaya, kisha gusisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi kwa sekunde moja. Koni inapaswa kuruka mbele. Fanya hivyo kwa zote nne. Ikiwa moja inarudi nyuma, nyaya zake zimegeuzwa, na spika hiyo itakuwa inaua besi ya wenzake. Watu hununua wufa kutafuta besi iliyopotea kwa kosa hili dogo.

Spika zina sumaku. Ziweke mbali na dira, angalau mita moja, kisha tazama dira muziki ukiwa umezimwa, ukiwa umewashwa, na spika zikiwa zimeondolewa kabisa. Sindano ikisogea, spika ndiyo ihame.

Weka pia swichi ya kunyamazisha muziki wote kwa kidole kimoja, karibu na usukani. Nahodha lazima asikie honi ya chombo kingine, mabadiliko ya mlio wa injini, na mtu akipiga kelele nyuma. Na jioni, hewa ya juu ya maji ikipoa, sauti husafiri mbali sana. Wakazi wa ufuoni wataisikia, na zipo kanuni za kelele za mwaka 2009 ambazo NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, inazisimamia. Mafunjo ya Dunga nayo yana ndege wenye kifua chekundu na utosi wa manjano, wanaoishi kwenye mafunjo tu, ambao wageni husafiri mbali kuja kuwaona. Ukipita pale, bonyeza hiyo swichi.

Kabla fundi hajafunga vifuniko vya mwisho, washa injini, koleza muziki, na upime volti kwenye ncha za amplifaya, si kwenye betri tu. Tofauti kati ya vipimo viwili isizidi nusu volti. Ukisikia mlio mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na injini, huenda waya wa mawimbi ya sauti umelala sambamba na waya wa umeme. Uhamishie ubavu wa pili wa boti, na mahali lazima zikutane zipishane kwa pembe mraba. Kisha piga picha za nyaya zote zikiwa wazi, na wakaguzi wa KMA, mamlaka ya Kenya ya usafiri wa majini, wakija kwa ajili ya leseni waonyeshe picha hizo pamoja na mahali ulipokata, hata kama hawajauliza.